Weusi Ndani ya Herufi

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi moja ya Agosti mwaka wa 1996, Bwana Okwara aliweka lenzi yake jichoni, akaichukua sarafu iliyokuwa juu ya meza ya Mama Anyait, akaigeuza mara moja tu, kisha akairudisha mezani.

"Mama," akasema, "hii siyo."

Nje, malori yaliyopanga foleni ya kuingia Uganda yalikuwa yanapiga honi, yanazimwa, yanawashwa tena, na vumbi la Malaba lilikuwa linaingia dirishani bila hodi. Mama Anyait alikuwa mjane mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, watu akiwajua kwa sauti. Aliugeuza uso wake kuitafuta sauti ya mgeni.

"Siyo nini, baba?"

"Siyo sarafu mliyonitumia picha."

Nieleze jambo hili mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Kulikuwa na pesa ya zamani iliyoitwa florini, ya fedha, mfalme Joji upande mmoja na simba upande wa pili. Haikukaa sana, shilingi ikachukua nafasi yake. Babu wa marehemu mume wa Mama Anyait alilipwa moja kwa kazi ya kubeba mizigo ya wazungu, akaifukia kwenye chungu bila kuitumia hata siku moja. Ikawa nyeusi, lakini haikuchakaa. Bwana Okwara, mnunuzi wa sarafu kutoka Nairobi, alikuwa ametazama picha zake akasema anaweza kuilipia bei ya ng'ombe wanne wa maziwa. Pesa hizo zingempeleka Mama Anyait kupasuliwa macho. Sasa hapo mezani palikuwa na florini nyingine kabisa, nyeusi ndiyo, lakini simba wake amelika mpaka hana uso.

"Ni huyu!" Egwang akaruka. Egwang alikuwa mwana pekee wa Mama Anyait, dalali wa malori, na kidole chake kilikuwa kimemwelekea mkewe, Wilkister, aliyesimama mlangoni na sinia la chai. "Funguo ya sanduku la sarafu anashika nani? Si yeye? Amepeleka kwao!"

"Egwang, mimi?" Wilkister akasema.

"Wewe! Jua likizama nisikukute hapa. Rudi kwenu Sigalame. Na Brendah anabaki."

Brendah alikuwa binti yao wa miaka mitatu, na wakati huo alikuwa chini ya meza akicheza na kifuniko cha sufuria. Wilkister aliweka sinia chini polepole. Bwana Okwara naye, aliyesafiri usiku kucha na sasa anaona wanataka kumbambikia sarafu mbovu, alitoka mbio kutafuta polisi.

Inspekta Dalmas Ogendo wa upelelezi alifika saa nne kasorobo. Huyu bwana hakuwa mtu wa kukaa. Mpe kiti, atakizunguka. Mpe chai, atainywa akitembea, aimwage nusu. Alizaliwa Osieko kwa wavuvi, na mama yake alikuwa akisema alitoka tumboni akiuliza mlango uko wapi. Asubuhi hiyo alizunguka sebule ya Mama Anyait akichezesha funguo za Land Rover mpaka Bwana Okwara akaomba, tafadhali afande, zile funguo.

"Picha ziko wapi?" Dalmas akauliza.

Okwara akazipanga mezani. Zilikuwa tatu, za rangi nyeusi na nyeupe. "Hizi mbili zilikuja kwanza, mwezi wa sita. Mfalme, na simba. Lakini ya simba ilikuwa na giza, sikuona vizuri. Nikampigia Egwang simu hapo posta, nikamwambia nataka simba tena. Ndiyo ikaja hii ya tatu, mwezi wa saba."

"Na una hakika gani picha ya tatu si ya sarafu nyingine?"

"Angalia hapa ukingoni, juu ya kichwa cha simba. Unaona kovu?"

Dalmas akainama na lenzi. Kulikuwa na kovu dogo, kama palipogongwa na jembe. Liko kwenye picha ya kwanza ya simba, liko na kwenye ya pili, mahali palepale. Kwenye sarafu ya mezani halikuwepo.

"Basi picha zote tatu ni za sarafu ya kweli."

"Za kweli. Lakini kuna kitu kimenisumbua tangu Nairobi." Okwara akashusha sauti. "Picha ya kwanza ya simba, sarafu ni nyeusi, na weusi umejaa ndani ya herufi. Hiyo ndiyo tunayotaka sisi, inaonyesha haijaguswa. Hii ya tatu, sarafu inang'aa, nyeupe pee! Nikadhani labda ni taa. Nikasema nije nione kwa macho. Afande, mtu aliisafisha. Na mimi kwenye simu nilimwambia Egwang mara mbili, msiisafishe, msiiguse hata kwa kitambaa."

"Ukiisafisha inakuwaje?"

"Inakufa. Anayejua sarafu hawezi kuinunua tena, labda kwa uzito wa fedha yake."

Macho ya watu wote yakaenda kwa Wilkister, na yalikuwa na sababu. Hapo Malaba, vyombo vya Wilkister vilikuwa hadithi. Sufuria zake ungeweza kujinyolea ndevu kwazo. Kila jioni alizisugua kwa jivu na mchanga, na majirani walikuja kuazima moja wakipata wageni, ili waonekane na wao ni watu.

"Ameisugua!" Egwang akasema. "Akaona ameharibu, akaficha, akaweka hii!"

Hata Dalmas, nisimfichie, aliona hayo maneno yana uzito. Alimsogelea Wilkister karibu sana.

"Mama Brendah, uliisafisha?"

"Hapana, afande."

"Usinidanganye. Mgeni wa Nairobi anakuja, wewe unasugua nyumba nzima, halafu sarafu unaiacha?"

"Mama alisema isiguswe. Mimi nikiambiwa kitu nasikia."

"Nani alipeleka sarafu Busia kupigwa hiyo picha ya tatu?"

"Mimi. Mara ya kwanza alipeleka baba Brendah. Mara ya pili alikuwa na kazi ya malori, akanituma. Nilifungua sanduku, ndiyo mara yangu ya kwanza kuishika, nikaifunga kwa kitambaa, nikaweka hapa kifuani. Njiani niliifungua mara ngapi sijui, nikiogopa imeanguka. Ilikuwa nyeusi. Nikampa mwenye studio, huyo Obura, akaingia nayo nyuma ya pazia, nikakaa kwa benchi. Akanirudishia, nikafungua tena. Nyeusi vilevile."

"Picha uliiona?"

"Sikuiona. Obura alisema itachelewa kukauka, ataituma mwenyewe kwa posta."

"Nyeusi kwenda, nyeusi kurudi," Dalmas akasema kwa hasira, "na siku hiyohiyo picha inatoka nyeupe! Mama Brendah, hiyo sarafu ilioga njiani?"

Wilkister alianza kulia. Hakujifunika uso. Alilia huku amemtazama mumewe, na mumewe akatazama dirishani.

Dalmas hakupenda vile mume alivyotazama dirishani. Akamgeukia.

"Egwang, ile mara ya kwanza. Ulipeleka sarafu, ukafanya nini?"

"Nilisimama na Obura mpaka akamaliza. Sikuitoa machoni hata dakika moja."

"Alipigia wapi?"

"Hapo nje ya studio, juani. Mimi nimesimama hivi, yeye hivi."

Dalmas akachukua picha ya mfalme, akamwekea puani. "Hesabu vivuli."

"Vivuli gani?"

"Vya sarafu, kwenye kitambaa. Kimoja huku kushoto, kimoja huku kulia. Huko Busia siku hiyo majua yalikuwa mawili?"

Egwang akaisukuma picha pembeni.

"Hizi ni taa mbili, bwana mdogo, ndani ya studio. Wewe hukuwepo. Ulikuwa wapi?"

"Afande…"

"Wapi!"

"Nilivuka ng'ambo kidogo, upande wa Uganda. Kuna mahali wana pombe nzuri ya ajono. Marafiki walikuwa wamekaa kwa chungu, mrija ukazunguka, nikachelewa. Nilimwachia Obura sarafu tangu asubuhi mpaka jioni." Alisema hayo akijua mama yake anasikia. "Lakini alinirudishia! Ikiwa kwa karatasi."

"Ulifungua karatasi?"

Mama Anyait, kwenye kiti chake, alisema kitu kwa Kiteso, kifupi, na Egwang akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwomba mama atafsiri.

Sasa utafikiri Dalmas ametosheka. Wapi! Neno la Wilkister lilikuwa bado linamchoma: nyeusi kwenda, nyeusi kurudi. Ama mwanamke huyu ni mwongo wa kutupwa, ama kuna kitu yeye Dalmas hakioni. Akatoka nje akazunguka nyumba, akapiga teke kopo, akarudi, akatoka tena. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichanja cha vyombo, na juu yake vyombo vya Wilkister vinawaka jua mpaka macho yanauma. Akachukua birika, bila sababu, mikono tu ilitaka kitu cha kushika. Tumbo la birika lilikuwa jeupe, limejaa mikwaruzo myembamba ya mchanga inayozunguka. Lakini pale mdomo wa birika unapoungana na tumbo, kwenye kona ambako kidole hakiingii, palikuwa na mstari mweusi wa masizi.

Dalmas akasimama tuli. Waliomjua wangekuambia hilo peke yake ni ajabu.

"Bwana Okwara!" akaita. "Kuja na lenzi. Na ile picha ya tatu."

Waliinama juu ya kichanja, wawili hao, birika mkono mmoja na picha mkono mwingine. Okwara akatazama, akatazama tena, akasema taratibu, "Mungu wangu. Mbona sikuliona hilo?" Dalmas alikuwa ameshaenda kuwasha gari.

"Wilkister, panda," akasema. "Na wewe Okwara. Egwang, kaa na mama yako. Ukiondoka hapa nitakutafuta mpaka kwenye chungu cha ajono."

Barabara ya Malaba kwenda Busia, Dalmas aliikimbia kama mtu anayefukuzwa. Wilkister alikaa nyuma ameshika chuma kwa mikono miwili. Mara mbili aliuliza saa. Jua lilikuwa bado liko juu, lakini yeye alilitazama kama linaanguka. Dalmas aliona hayo kwenye kioo, akakanyaga mafuta zaidi.

Studio ya Obura ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, pazia la buluu limekigawa. Mbele palikuwa na benchi, kitana cha wateja kwenye kamba, na picha za harusi za miaka iliyopita. Nyuma ya pazia palikuwa na giza na harufu ya dawa. Obura mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vya kahawia. Aliwakaribisha wakae. Dalmas, bila shaka, hakukaa.

"Bwana Obura, unaikumbuka sarafu ya Mama Anyait?"

"Naikumbuka sana. Niliipiga mara mbili."

"Mara ya pili aliileta nani?"

"Si ni huyu mama hapa?"

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwaje vipi?"

"Rangi yake. Picha uliyotoa inaonyesha sarafu nyeupe. Huyu mama anasema alileta nyeusi."

Obura akacheka kidogo, kwa huruma. "Afande, kamera haina uongo. Nilipiga nilicholetewa. Ilikuja inang'aa. Nikajua ameisugua. Hawa akina mama wetu, wewe unawajua, wakiona kitu cheusi mkono unawasha. Jivu!"

"Aisee uongo!" Wilkister akapaza sauti. "Mungu anakuona, Obura!"

"Ngoja, mama," Dalmas akasema. "Jivu, Obura? Una hakika?"

"Jivu, mchanga, kitu kama hicho."

"Sawa. Okwara, mwonyeshe."

Bwana Okwara akaweka picha ya tatu kwenye benchi. Dalmas akafungua mfuko, akatoa birika la Wilkister, akaliweka kando yake. Obura alilitazama lile birika asielewe.

"Hiki ni chombo kilichosuguliwa kwa jivu na mtu anayejua kusugua kuliko wote Malaba," Dalmas akasema. "Hata yeye, kwenye kona, weusi umebaki. Jivu haliingii mahali kidole hakiingii. Na limeacha mikwaruzo. Sasa tazama picha yako. Herufi za sarafu zina kona ndogo kuliko punje ya wimbi. Weusi uko wapi?"

Obura akaisogeza picha karibu na macho.

"Hakuna!" Okwara akasema. "Hata ndani ya herufi ni nyeupe. Wala mkwaruzo hakuna hata mmoja. Hii haikusuguliwa. Hii ililowekwa. Maji ya dawa ndiyo yanayofika kila mahali."

"Na nyumba zote za Malaba," Dalmas akasema, akiwa ameshika pazia la buluu, "nitapata ngapi zenye dawa ya kula weusi wa fedha?"

Akavuta pazia. Sinia tatu za plastiki zilikuwa zimepangwa, na chupa za kahawia juu ya rafu.

"Ukiosha picha ikatoka nyeusi sana, unafanyaje, Obura?"

Obura akalamba midomo. "Kuna dawa ya kupunguza weusi."

"Unailoweka, weusi unakimbia. Na Egwang alikuletea ujumbe gani mwezi ule wa saba, kabla ya huyu mama kuja?"

"Kwamba mteja anasema simba ana giza."

"Ukafanya vile mpiga picha anavyofanya kitu kikiwa na giza. Lakini sarafu ya kweli ulikuwa nayo tayari. Ulibaki nayo siku Egwang alipokuachia akaenda kunywa, ukatafuta nyingine iliyochakaa hapo sokoni mpaka jioni, ukamfungia kwenye karatasi. Mama haoni, kijana hajali. Wilkister alipokuja, alikuletea hiyo hiyo mbovu yako. Ungeipiga hiyo, Okwara angeona mara moja si simba yule, na swali la kwanza lingekuja hapa. Ikabidi upige ile ya kweli. Na ulikuwa umeshaiosha! Ndiyo sababu ilikuwa nyeusi kwenda na nyeusi kurudi, na picha nyeupe. Zilikuwa sarafu mbili, na huyu mama hakusema uongo hata neno moja."

Wilkister akakaa kwenye benchi.

"Hayo ni maneno," Obura akasema. "Sarafu iko wapi?"

Swali la kijinga kumuuliza mtu asiyeweza kutulia. Juu ya rafu kulikuwa na vikopo vitupu vya filamu, labda mia, vimepangwa kama mahindi kwenye gunzi. Dalmas akaanza kuvitikisa, kimoja kimoja, karibu na sikio, akivitupa nyuma yake. Kitupu, kitupu. Obura akawa anavitazama vikianguka. Kisha macho yake yakatangulia mkono wa Dalmas, yakaenda kwenye kona ya rafu, yakarudi upesi. Dalmas akaviruka vyote akaenda kwenye ile kona.

Kikopo kikalia.

Florini ikaanguka kiganjani mwa Bwana Okwara, nyeupe, na kovu lake juu ya kichwa cha simba. Okwara aliigeuza kwenye mwanga wa mlango, na uso wake ukawa wa mtu aliyeletewa maiti ya ndugu.

"Umeiua," akasema. "Ona, imeliwa na dawa juu yote. Hata mwanga hautembei juu yake."

"Imeuawa?" Obura akashangaa kweli, na huo ndio ulikuwa mshangao wake wa kwanza wa haki siku hiyo. "Si inapendeza? Niliisafisha ipate bei! Nilitaka ukiacha kununua kwao, nije Nairobi mimi mwenyewe." Akakaa chini kwenye vikopo vyake. "Miaka ishirini nawapiga watu picha. Harusi zao, watoto wao, mali yao. Sasa wote wanapeleka filamu kwenye mashine za rangi, mimi wananiletea vitambulisho na maiti. Huyo kijana alinitupia sarafu ya ng'ombe wanne kwa meza, akaenda kulewa. Hata hakusema nichunge. Nikasema, kama hawajui thamani yake…"

"Na wewe uliijua?" Dalmas akamuuliza.

"Ungekubali huyu mama afukuzwe, aachishwe mtoto?" Dalmas akaendelea, na sauti yake ilikuwa imepanda. Obura akanyoosha mikono. Akafungwa pingu.

Walirudi Malaba jua likiwa limeanza kulegea. Dalmas akamweleza Mama Anyait kila kitu, akitembea, na Okwara akaongeza kwa aibu kwamba sarafu ikitoka mahakamani anaweza kuinunua, lakini bei yake sasa ni ya kuku, si ya ng'ombe.

"Basi irudi kwenye chungu," Mama Anyait akasema. "Macho yatangoja. Wilkister yuko wapi? Wilkister, mwanangu, tumekukosea. Nenda jikoni, upike, tule."

Wilkister alikuwa ametoka chumbani. Beseni la nguo kichwani, Brendah mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumgusa mtoto.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Lakini nilifukuzwa mbele ya mgeni na mbele ya polisi. Siwezi kurudishwa jikoni hivi hivi kama paka. Sigalame kuna baba yangu. Mje mseme mbele yake."

Akatoka. Egwang akabaki katikati ya nyumba, mikono haijui iende wapi.

"Amesema haki," Mama Anyait akasema. "Egwang!"

"Mama."

"Kamata kuku."

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini, ajono? Kamata kuku, uvae shati, umfuate mke wako. Utaongea na baba yake kwa magoti."

Egwang akatoka mbio. Kuku wakatawanyika, wengine chini ya kichanja, wengine kwenye mihogo, na yeye nyuma yao, anaanguka, anainuka, madereva wa malori wanashangilia kutoka kwenye foleni. Dalmas alisimama na funguo zake, akasahau kuzichezesha. Mwishowe Egwang akambana mmoja kwenye kona ya ua, kuku mwekundu mnene, akamshika bawa.

Wilkister alikuwa ameshafika barabarani. Hakugeuka, alimjua kuku kwa mlio wake.

"Huyo mwekundu mwache," akasema kwa sauti. "Anataga."